Kila Mtu na Kiti Chake

Mama Mapazia alikuwa na pini mdomoni wakati muuza magazeti alipoingiza kichwa dukani na kumwambia kwamba mkokoteni umesimama mlangoni kwa chama. Hakusema zaidi, wala hakukuwa na haja. Mtaa mzima ulijua kwamba mkokoteni ukisimama mbele ya ofisi ile haukuja kuleta mzigo. Umekuja kuchukua, na unachochukua ni kiti.

Alizitema pini kiganjani, akamwacha mteja wake amesimama na pazia begani kama bibi harusi aliyekimbiwa, akavuka barabara bila hata kuvaa viatu vya kutokea. Ofisi ilikuwa ng'ambo tu, kati ya kinyozi na duka la betri. Pale nje kinyozi alishaacha kichwa cha mtu nusu, wembe mkononi, ili asipitwe. Mwenye mkokoteni alikuwa amekalia mkokoteni wake anachokonoa meno, na hilo lilikuwa jambo la kufaa, maana kiti alichokuja kukibeba kilikuwa cha daktari wa meno.

Daktari mwenyewe alimkuta ndani amechutama, bado yumo kwenye koti lake jeupe la zahanati, anafungua skrubu za kiti sakafuni. Alikuwa mwenyekiti wa chama tangu chama kilipopata jina. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, alikuwa shemeji yake Mama Mapazia. Alimuoa mdogo wake, wakazaa, wakaijaza nyumba kelele, na Jumapili zote Mama Mapazia alikuwa akila kwao na kuondoka na umbea wa wiki nzima.

"Shemeji," alimwambia, "hiyo spana umeazima wapi?"

"Kwa fundi baiskeli."

"Akakupa?"

"Akanipa. Akaniuliza kama nitahitaji na grisi."

Hapo ndipo alipojua kwamba mambo yamefika pabaya, kwa sababu shemeji yake akianza kutania bila kucheka huwa ameshaamua.

Asiyejua habari za chama kile anaweza kushangaa mtu mzima na elimu yake kuhangaika na kiti. Basi ni hivi. Chama kilizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Mapazia, katikati ya majora ya vitambaa na cherehani mbili, moja nzima na moja ya kuombea. Hawakuwa na kitu. Watu walikuja na hasira zao, za barabara mbovu na maji ya mgao na diwani aliyeonekana mara moja kama mwezi wa kufungulia mfungo, wakasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe Mama Mapazia, ambaye hajawahi kuvumilia mgeni kusimama nyumbani kwake, akasema kikao kijacho kila mtu aje na kiti chake kutoka nyumbani.

Wakaja navyo. Nesi wa kliniki ya watoto alileta kigoda chekundu cha plastiki. Katibu alileta kiti cha kukunja kilichokuwa kikimng'ata vidole kila kikao. Daktari, ambaye ndio kwanza alikuwa amenunua kiti kipya cha wagonjwa, alileta kile cha zamani: chuma kizito, ngozi ya kijani imepasuka, pa kuwekea miguu pamenyooka na pamekataa kukunjika. Kilikuwa na tabia ya kulala chenyewe katikati ya hotuba, mpaka wakakifunga na skrubu sakafuni. Watu walicheka wakasema chama chao ndicho pekee ambacho mwenyekiti anakaa mahali pa kufumbulia mdomo.

Kiti kikawa ndiyo kadi. Vyama vingine vilikuwa na kadi za rangi na muhuri, wao walikuwa na viti. Aliyeleta kiti ana kura, na ana haki ya kuleta hoja. Asiye na kiti atasikiliza kwa kusimama. Na anayeondoka anabeba kiti chake mwenyewe, mchana, watu wakimwona, asije baadaye akasema hakuwahi kukaa. Mama Mapazia ndiye aliyeyasema yote hayo na Katibu akayaandika, na alijivunia kuliko mapazia yoyote aliyowahi kushona. Alikuwa akisema: ni maskini gani asiye na hata kigoda?

Ila kulikuwa na siku ya benchi. Fundi baiskeli alikuja na benchi refu la kwenye kibanda chake, na nduguze wawili juu yake, kulia na kushoto, wote mafuta mpaka viwikoni. Ukazuka ubishi: hiki ni kiti kimoja au vitatu? Kura moja au tatu? Walibishana mpaka Mama Mapazia, aliyekuwa akiongoza kikao siku hiyo, akakata shauri.

"Benchi lina makalio matatu," alisema, "lina kura tatu."

Watu walicheka mpaka majora yakaanguka. Katibu akaliandika na lile, kwa sababu Katibu aliandika kila kitu. Nalo likakaa humo kwenye katiba ya chama, kati ya kifungu cha uongozi na kifungu cha nidhamu, likingoja.

Chama kilikua. Magazeti yakaanza kukiandika vibaya, nayo ni dalili ya kukua. Wakapanga ofisi ng'ambo ya barabara, wakapeleka viti vyao, na Mama Mapazia akashona mapazia ya madirisha yote bure. Uchaguzi ukaanza kunukia. Wakataka magari, vipaza sauti, fulana, mafuta. Ndipo alipokuja Mzee wa Saruji.

Mtu mzuri, yule mzee. Hilo ndilo lililomuuma Mama Mapazia baadaye, kwamba hata kumchukia alishindwa. Alikuwa na maduka ya saruji na nondo na malori ya kuvisambaza, sauti ya chini, na macho ya kuona shida ya mtu kabla hajaitaja. Siku aliyokuja mara ya kwanza alimwona Mama Mapazia akijishika kiuno kila anapoinuka. Wiki iliyofuata lori lake likasimama mlangoni, likashusha viti vyeusi vya ngozi, vya kuzunguka, vyenye mikono na magurudumu, bado vimo kwenye nailoni. Vilijaa ukumbi. Mama Mapazia alikaa kwenye kimoja, akajisukuma kwa kidole cha mguu, akazunguka mzima mzima huku anacheka kama mtoto aliyepakatwa. Kiuno kilimshukuru. Kiti chake mwenyewe, cha mbao, chenye mto wa vipande vya mapazia, akakirudisha dukani wateja wapate pa kukaa.

Magari yakaja, vipaza sauti vikaja. Halafu wakaja watu. Wasimamizi wa maduka ya saruji, madereva wa malori, keshia, na mtoto wa dada wa mzee huyo, kijana nadhifu wa miwani ambaye watu walimpa jina la Mpwa na likamganda. Walikuja kikaoni wakakaa kwenye viti vyeusi, na ilipofika kupiga kura wakanyoosha mikono. Daktari akauliza imekuwaje. Mzee wa Saruji, kwa upole wake wote, akaomba Katibu asome kile kifungu cha benchi. Aliyeleta pa kukaa watu watatu ana kura tatu. Yeye ameleta pa kukaa watu wengi kidogo.

Jumapili ile ile, nyumbani, kabla hata sahani hazijaondolewa mezani, Daktari alimsomea Mama Mapazia pendekezo lake. Mtu mmoja, kiti kimoja, hata awe nani. Anayekichangia chama atajwe mbele ya watu wote, na mchango uwe na kipimo kisichopitwa. Na wakishajifunga wao wenyewe, wakabishe hodi bungeni kudai sheria ivifunge vyama vyote, maana sheria ya nchi katika jambo hilo ilikuwa kimya kama mtu aliyelipwa. Mdogo wake Mama Mapazia alisema ni jambo zuri. Watoto walisema ni jambo zuri. Mama Mapazia akafuta mikono, akasema:

"Ni zuri, shemeji. Lakini tumalize uchaguzi kwanza."

Ilipofika kumteua mgombea, Nesi, aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka, anayejua mtoto gani alichelewa kutembea na bomba gani halitoi maji, alishindwa na Mpwa, ambaye siku ya kampeni ya ndani aliuliza soko liko upande gani. Nesi hakugomba. Alikiweka kigoda chake chekundu kwapani kama pochi, akatoka. Baada yake akatoka Katibu, vidole vyake vikang'atwa mara ya mwisho mbele ya kinyozi. Magazeti yakaandika kwamba viongozi wanakihama chama. Na sasa Daktari alikuwa amechutama na spana.

"Shemeji, ukiondoka wewe kinabaki nini?" Mama Mapazia alimuuliza.

"Viti vitabaki."

"Usinifanyie hivyo."

Daktari aliinuka, akajipangusa magoti. Alimwambia amechoka kuwa mwenyekiti wa viti vya mtu. Alimwambia vilevile, na hapa sauti ikashuka, kwamba angeweza kuwavumilia wote wale, mzee na mpwa na madereva, lakini kila akinyanyua macho kikaoni alikuwa anamwona yeye, dada wa mke wake, anazunguka taratibu kwenye kile cheusi, anatazama dirishani.

Hilo lilimwingia. Akaomba Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na kikao cha halmashauri, yeye mwenyewe ataileta hoja ya mtu mmoja kiti kimoja, kwa mdomo wake, na atawapigia watu magoti wiki nzima ili ipite. Kama haitapita, atamsaidia kubeba.

"Ulikuwa na Jumamosi nyingi," alisema Daktari.

"Najua."

Daktari akachutama tena, akarudisha skrubu moja tu. Nyingine akazitia mfukoni mwa koti jeupe, akamlipa mwenye mkokoteni pole ya kumpotezea asubuhi. Kinyozi nje alisikika akimwambia mteja wake kwamba basi, arudishe kichwa.

Wiki hiyo Mama Mapazia hakushona kitu. Alianzia kliniki. Alimkuta Nesi anapima uzito wa watoto, mmoja ananing'inia kwenye mizani akipiga mateke, na mama wa mtoto amekaa kwenye kile kigoda chekundu. Akamwomba arudi, kwa siku moja tu, alete kigoda na mkono wake. Nesi alimaliza kuandika uzito ndipo akamjibu.

"Mama, mimi sikushindwa siku ya kura. Nilishindwa siku lile lori liliposhusha mzigo. Mengine yote yalikuwa sherehe."

"Mwanangu, hiyo ndiyo naenda kuirekebisha."

"Nilinyoosha mkono siku ile kuuliza. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alimwambia maneno yale yale aliyomwambia shemeji yake mezani, tumalize uchaguzi kwanza, na tena alimwambia huku anachagua rangi ya fulana. Nesi hakuwa na kisirani. Alimsindikiza mpaka getini, akamuuliza hali ya kiuno, akamwambia kigoda sasa hivi kina kazi.

Kutoka hapo aliwazungukia waliobaki. Fundi baiskeli alikubali kabla hajamaliza sentensi, na nduguze wakatikisa vichwa kutoka chini ya baiskeli. Halafu, kwa kuwa Mama Mapazia hakuwa mtu wa kuogopa mlango wa mtu, akawaendea wenye viti vyeusi. Nusu ya nyumba zile alikuwa amezishonea mapazia. Alijua dirisha la keshia linalotazama choo cha jirani, alijua chumba cha msimamizi ambacho mke wake alitaka kitambaa kizito ili mama mkwe asichungulie. Alikaa kwenye makochi yao, akanywa chai zao, akasifia watoto, akasikiliza habari za wagonjwa na wachumba, na katikati ya hayo akapenyeza hoja. Hakuna aliyemkatalia. Keshia alimwambia hata yeye limekuwa likimkera. Dereva mmoja alisema mambo ya haki ni ya haki. Ijumaa Mama Mapazia alirudi nyumbani amechoka na amejaa chai, akamwambia mdogo wake kwa simu kwamba amwambie mumewe aitoe ile spana ndani ya nyumba, haitahitajika.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Hata madirishani watu walisimama, na wameyakunja mapazia ya Mama Mapazia kila upande ili waone vizuri. Daktari alikuwa kwenye kiti chake cha kijani, ameketi wima kwa tahadhari, maana kwa skrubu moja kilikuwa kinamlegea. Fundi baiskeli na nduguze walikuwa kwenye benchi, wamenawa. Mzee wa Saruji alikaa mstari wa nyuma, kama kawaida yake, mikono imekunjwa mapajani. Mama Mapazia aliingia akisalimia huku na huku, akashika mashavu ya watu, akajibiwa utani wake, akaketi pale alipozoea kuketi.

Alipopewa nafasi alisimama akasema, na hata waliomchukia walikiri baadaye kwamba siku hiyo alisema. Aliwakumbusha chumba cha nyuma na majora. Aliwaambia kwamba mtu akikununulia kitanda atataka kujua unalala na nani. Walicheka. Akawaambia kwamba hana ugomvi na mzee, mzee amewabeba, lakini mtoto akibebwa sana hasahau kutembea tu, anasahau na njia ya kwao. Hapo hawakucheka. Akawaambia wajiulize mgombea wao ataogopa kumuudhi nani akishafika huko juu: mama anayeteka maji, au mtu mmoja mstari wa nyuma.

"Anayetoa ajulikane," alisema, "na awe na kipimo, hata akiwa baba yangu mzazi. Na tukishakubali hapa, twende tukaidai iwe sheria, kila chama kifungwe nayo. Mtu mmoja, kiti kimoja. Hiyo ndiyo hoja yangu."

Mama Mapazia alimwona keshia anatikisa kichwa kukubali. Alimwona shemeji yake amesahau kuwa kiti kinalegea, ameinamia mbele. Kwa muda mfupi alijua kwa hakika kwamba imepita.

Mpwa alinyoosha mkono. Alivua miwani kwanza, kwa adabu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mwongozo tu. Hoja inaletwa na aliyeleta kiti. Hicho alichokalia mama yetu kililetwa na nani?"

Mama Mapazia alitazama chini kana kwamba mtu amemwambia ana nyoka mguuni. Ngozi nyeusi, magurudumu, mikono miwili. Aliukumbuka mto wake wa vipande vya mapazia, hatua chache ng'ambo ya barabara, na mguu ukaanza kutaka kutoka mbio. Lakini hata hilo alishalifunga mwenyewe zamani, walipokuwa watu wakitoka katikati ya kikao kuazima viti kwa majirani: kiti kiwe ndani mkutano unapofunguliwa. Alisema yeye. Akaandika Katibu.

Macho yote yalimwendea Daktari. Ilimbidi yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza. Alimtazama dada wa mke wake kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa kikaoni, kisha akasema kwa sauti ambayo walioko madirishani hawakuisikia:

"Mama hana kiti. Hoja haina mwenyewe."

Fundi baiskeli alisimama. Akasema kama ni mwenyewe, mwenyewe ni yeye, hoja anaichukua. Ukumbi ukavuma. Ndipo Mzee wa Saruji, ambaye kikaoni hakuwa akizungumza, akaomba neno, na hakuinuka hata kwenye kiti. Alisema hoja ni nzuri na hana kinyongo nayo. Alisema vyama vingine vina watu wao wa kuwabeba, na kama wao wanataka kwenda kupigana nao mikono mitupu, shauri yao, yeye atakuja kuwashangilia. Ila alikuwa na swali dogo kwa fundi.

"Mtu mmoja, kiti kimoja. Na benchi lako ni kiti kimoja. Kati yenu watatu, nani anabaki ndani?"

Fundi baiskeli aligeuka. Nduguze walikuwa wanamtazama kutoka kwenye benchi, mkubwa upande huu na mdogo upande ule, wamenawa, wamevaa mashati ya Sikukuu. Mdogo hata hakuwa ameelewa swali, alikuwa anatabasamu. Fundi akakaa pale katikati yao, taratibu, akatazama mikono yake.

"Benchi lina makalio matatu," alisema mzee kwa upole, kama anayemkumbusha mtu wimbo aliousahau. "Mama, maneno ni yako. Mimi nimeyakalia tu."

Hakuna aliyeichukua tena hoja. Keshia alikuwa anatafuta kitu ndani ya pochi. Dereva wa mambo ya haki alikuwa anasoma ukuta. Daktari alisubiri kadiri ya heshima, akauliza mara ya pili, akafunga kikao. Halafu akatoa spana kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa mdogo wake Mama Mapazia aliipokea ile salamu ya Ijumaa na mumewe hakuifuata, akachutama mbele ya watu wote na kuifungua ile skrubu moja iliyobaki. Ilitoka kirahisi.

Kukibeba walihitajika watu. Mwenye mkokoteni alishika mgongo, nduguze fundi wakashika mikono, fundi mwenyewe akabeba uzito wa chini bila kumtazama mtu usoni. Palibaki pale pa kuwekea miguu, pamenyooka mbele kama kawaida yake, panapiga kila mlango. Mama Mapazia akapashika. Aliahidi.

Walipovuka kizingiti alitaka kuondoka na yeye. Alitaka kutoka pale siku ile kama walivyotoka Nesi na Katibu, mchana, watu wakimwona, na chake mkononi. Lakini humo ndani hakuwa na chake. Mapazia alishona yeye, lakini mapazia hayakuwa yameandikwa popote. Hata kuondoka hakuwa na cha kuondoka nacho.

Njiani mtaa ulitoka kutazama. Mwenye duka la betri alimuuliza Daktari kama mgonjwa ameng'olewa au amezibwa. Kinyozi akamwita Mama Mapazia kwa sauti, je, na yeye amehama?

"Nimeshika mguu tu," alijibu.

Walicheka, naye akacheka nao, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kupita katikati ya watu.

Walikiweka kiti barazani kwa Daktari, kikalala chenyewe papo hapo mpaka nyuma, kama kilichokuwa kinangoja miaka yote hiyo kupumzika. Mdogo wake alileta maji ya kunywa. Alimshika dada yake bega, akaliachia. Daktari alisema yeye na Nesi na Katibu wataendelea, nje ya chama, walipeleke lile pendekezo wenyewe kwa wabunge, mmoja mmoja, hata ikichukua muda. Alisema hayo huku anapangusa ngozi ya kijani kwa kona ya koti. Mama Mapazia akamuuliza kama wanaweza kumpokea.

"Njoo, shemeji," alisema. Halafu, kwa kuwa walikuwa ni watu wa kutaniana tangu siku ya posa, akajaribu: "Ila uje na kiti."

Alitabasamu, lakini macho hayakufuata, na wote wawili waliona. Mdogo wake akasema chai iko jikoni. Mama Mapazia akasema leo hapana, ameshashiba chai wiki nzima.

Alirudi polepole, njia ya duka. Kiti alikikuta pale pale alipokipeleka, karibu na mlango, mto wake umebonyea katikati. Juu yake alikuwa amekaa yule mteja aliyemwacha amesimama na pazia begani siku ya mkokoteni. Alikuwa amekuja tena, na safari hii amejikalia mwenyewe, viatu amevua, pazia amelikunja mapajani.

"Mama, nimekungoja mpaka nimesinzia," alisema, akitaka kuinuka. "Kiti chako nacho kinamvuta mtu. Umekinunua wapi?"

"Ni changu cha siku zote," alisema Mama Mapazia. "Kaa tu."

Akatia pini mdomoni, akapiga magoti sakafuni, akaanza kupima upindo.